Mikono ya Kushusha

Jengo lile halikukosa mikono. Ukitaka kushusha kitu, kabati, godoro, friji bovu, unaita mara moja tu ngazini na wanaume wanajitokeza wamekunja mikono ya mashati. Mikono ya kupandisha ndiyo ilikuwa adimu. Mama Magunia alilijua hilo vizuri, maana alikaa ghorofa ya juu kabisa na kila alichokula alikipandisha mwenyewe. Alilijua, na bado akanyamaza. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Angedanganywa gizani angejisamehe. Yeye alidanganywa mchana kweupe, macho yake yote mawili yakiona.

Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa sokoni, mtaa wa pili. Jina la Magunia alipewa na wapangaji wenzake kwa kumcheka, likamganda. Aliishi na baba yake, mzee aliyefanya kazi posta maisha yake yote, ambaye jengo zima lilimwita Mzee Stempu. Mzee alikuwa na kifua kibovu na moyo uliochoka. Ngazi alikuwa ameshaziaga; mara ya mwisho kushuka ilikuwa kwenda hospitali, na alishuka amebebwa.

Sasa, kukaa ghorofa ya juu kabisa maana yake ni hii: juu ya kichwa chako hakuna jirani, kuna zege, na juu ya zege kuna jua. Walipohamia, joto lilikuwa na adabu zake, linakuja mchana na jioni linaaga. Miaka ya karibuni limekuwa mgeni asiyejua kuondoka. Mvua nazo zimeota kiburi. Miezi yake inapita mbingu nyeupe kama sahani, halafu siku zikijisikia zinakuja zote kwa pamoja na kubeba kuta za watu. Zege lilikunywa jua mchana kutwa, na usiku likalimwaga lote kitandani kwa Mzee Stempu. Msimu mmoja wa joto akazimia bafuni. Daktari alimpima, kisha akamwambia binti yake waziwazi kwamba vidonge vipo, lakini dawa hasa ni chumba chenye ubaridi, na kwamba kwa kifua kile mzee hatavuka misimu mingi ndani ya tanuri.

Nyumba ya chini hawakuiweza. Kiyoyozi walikiona kwa watu. Feni ilikuwa inalizungusha joto lilelile na kulirudisha lilikotoka. Mama Magunia akakaa na hasira yake siku kadhaa, kisha akaamua kwamba kama ni lazima jua lipige kitu, basi lipige kitu kingine kwanza.

Akapanda juu ya paa na futikamba yake ya kazini. Alipima kutoka mlango wa ngazi mpaka pale kilipoanzia chumba cha baba, akapima na upana, akakichora chumba chote juu ya zege kwa chaki ya cherehani kama anayekata suruali. Halafu akakijaza. Magunia matupu aliyaomba kwa wauza mchele, akayashona upya kwa mshono wa mara mbili yasije yakapasuka, akayajaza huko huko juu udongo, samadi na maganda ya sokoni yaliyooza. Katikati ya kila gunia aliweka safu ya kokoto ya kupitishia maji, na ubavuni akatoboa matundu, kila tundu na mche wake: mchicha, kunde, nyanya. Maboga aliyatambaza juu ya kamba mpaka majani yakashikana. Mboga kwake zilikuwa nyongeza. Yeye alikuwa analima kivuli.

Na kivuli kikaota. Mzee Stempu akaanza kulala mchana, jambo alilokuwa amelisahau, na akiamka anadai chai. Wapangaji waliokuwa wakicheka wakaanza kupanda na sahani. Mama Magunia akaweka sheria moja: anayetaka mboga apande na ndoo ya maji aliyosuuzia vyombo, kwa sababu bomba la jengo lilikuwa na nguvu za kufika ghorofa ya pili tu, tena kwa kubembelezwa. Watu wakapandisha ndoo. Hapo ndipo alipokosea, maana alidhani wanapandisha kwa kuwa wameelewa, kumbe wanapandisha kwa kuwa mboga ziko juu.

Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa kinyozi, mwenye chumba chake cha kunyolea pale chini karibu na geti. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu kwa kuwa alikata za watu siku nzima alijiona ana akiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake yalifika kabla ya miguu yake. Jioni moja alipanda ngazi zote mpaka juu, akaingia hana pumzi, akajitupa kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Pumua kwanza."

Akapumua, kisha akamwaga habari. Ofisi ya mji inaleta wageni, watu wa mradi wa kilimo cha mjini, wanaotafuta mahali ambapo watu wa kawaida wanakabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwa mikono yao wenyewe. Wamesikia habari za magunia. Wakipendezwa watatoa tangi kubwa la maji.

Mama Magunia alikuwa anapinda ukosi wa shati. Aliposikia tangi, sindano ikasimama. Kwa tangi pale juu angeweza kufunika paa zima, si chumba cha baba tu, hata vya majirani zake wa ghorofa ile waliokuwa wanachemka kimyakimya.

"Wakaribishwe," alisema. "Waje waone."

"Ndiyo hapo sasa, dada." Kinyozi akajikuna kidevu. "Kiongozi wao ana goti bovu. Ni mama mtu mzima, na mwili wake si wa ngazi hizi. Mimi nimefikiria, badala ya kumpandisha mgeni kwenye bustani, tuishushe bustani kwa mgeni. Pale getini. Siku moja tu. Asubuhi tunashusha, jioni tunapandisha."

"Nani anapandisha?"

"Mikono ileile itakayoshusha."

"Mwenyekiti, yale si maua ya sebuleni. Yanamfunika baba. Na maboga ukiyatoa kwenye kamba hayarudi."

"Siku moja, dada. Jua la siku moja halimuui mtu."

Mama Magunia akafungua mdomo amjibu, na angemjibu vizuri, maana ulimi wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wake. Lakini kutoka kitandani Mzee Stempu akakohoa kile kikohozi chake cha kufunga mjadala.

"Mgeni hapandishwi ngazi," alisema. "Yashusheni."

"Baba."

"Nimekaa dirishani posta miaka yote ile, sijawahi kumwambia mtu mwenye mguu mbovu azunguke mlango wa nyuma. Sitaanza leo kwa sababu ya usingizi wangu wa mchana. Yashusheni, mwenyekiti, na muwapokee watu vizuri."

Kinyozi akatabasamu akiangalia chini. Alikuwa amejua tangu mwanzo ni nani wa kumwambia. Na Mama Magunia, mwanamke mwenye mvi zake, aliyezoea kugombana na wenye malori na watoza ushuru wa soko, akayameza maneno yote, kwa sababu mtoto hampingi baba yake mbele ya mgeni. Ndivyo alivyolelewa na huyohuyo baba. Akainama akaendelea na ukosi, akajichoma kidole.

Siku ya kushusha ilikuwa kama harusi. Wanaume wawili wawili, gunia moja kwa kila jozi, utani ngazi nzima, anayeteleza anachekwa, wanawake wamefungua milango wanawapa maji ya kunywa. Fundi bomba wa ghorofa ya pili alijibebesha gunia peke yake ili aonekane, akaonekana kweli, akakaa kitako kwenye ngazi amelikumbatia kama mke. Magunia mengine yalipasuka njiani. Maboga yalikatwa kwenye kamba na kuvutwa kama nyavu, majani yakaanza kulala kabla hayajafika chini. Kabla ya saa nne geti lilikuwa limependeza, na kinyozi amevaa tai.

Wageni wakaja. Mama mwenye goti alikuwa mtu mwema, na hilo nalo lilimkera Mama Magunia. Angekuwa na dharau ingekuwa rahisi. Aliyashika majani kwa vidole vya mtu anayejua jani, akauliza kuhusu kokoto, akaonja mchicha mbichi bila kuogopa. Kisha akauliza kwa nini walichagua pale getini.

"Ni mahali pa wote, mheshimiwa," kinyozi akadakia.

Yule mama akamtazama Mama Magunia kama anayengoja jibu la pili. Ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Lakini jengo zima lilikuwa limesimama pale, na juu kabisa baba yake alikuwa amelala chini ya zege tupu kwa sababu ya heshima ya siku hiyo. Funika kombe mwanaharamu apite. Akafunika. Halafu bwana mmoja wa ofisi ya mji akasimama chini ya mwavuli akahutubia kwa kirefu jinsi mimea inavyopoza makazi ya watu, na watu wakapiga makofi, na Mama Magunia naye akapiga.

Jioni ile kinyozi alikuwa anasindikiza wageni. Jirani mmoja alikuwa na mgongo. Mwingine alikuwa na zamu ya kazi. Fundi bomba alisema kesho, na kesho yake akasema kesho. Waliokuwa na afya njema walisema wanamsubiri mwenyekiti, na mwenyekiti alisema anawasubiri wao. Mama Magunia akapigwa danadana kutoka mlango hadi mlango, kila mlango na tabasamu lake, kila mlango na "usijali, mama". Hakuna aliyemkatalia. Laiti wangemkatalia angepata mtu wa kugombana naye.

Kisha tangi likaja, na mafundi wake wakajenga msingi wa zege palepale getini, kwa kuwa walikoelekezwa ni kwenye bustani na bustani ilikuwa getini. Siku hiyo Mama Magunia alielewa kwamba imekwisha. Maji chini, mboga chini, nani tena apande ngazi? Wanawake wa chini walichuma wakipita, bila ndoo, bila salamu ya maana, na wakaanza kuiita bustani yetu. Tena haikuwafaa hata wao. Ukuta wa jengo uliinyima jua tangu saa sita, kunde zikarefuka na kupauka, nyanya zikatoa maua zikayaangusha. Kule juu jua lililohitajiwa na mboga lilikuwa linampika mzee.

Akaanza kupandisha mwenyewe. Akirudi sokoni anachota udongo kwa ndoo, ngazi kwa ngazi, anapumzika kila ghorofa akiwa ameshika kiuno, na watu wanampisha kwa heshima kubwa. "Pole na kazi, mama." "Ahsante." Hakuna aliyegusa ndoo. Gunia moja lilimla jioni nzima, na gunia moja juu ya chumba kizima ni kitambaa cha mkononi juu ya meza ya harusi.

Ndani, ukuta ulikuwa wa moto kwa kiganja. Alitundika mashuka mabichi, yakakauka kabla hajamaliza kuyanyoosha. Mzee akaacha kudai chai. Akilala, kifua kilipiga mluzi mwembamba, na akiamka alisema si vibaya.

"Si vibaya vipi, baba? Unaniona mimi mjinga?"

"Usiwasumbue watu, mwanangu. Wana kazi zao."

Mchana mmoja umeme ukakatika mji mzima, feni zote zikanyamaza, na sokoni watu wakakaa chini ya meza zao. Mama Magunia alikuwa na gauni la mteja mashineni. Alijaribu kulimalizia kwa mguu, akashindwa kutulia, akafunga kibanda gauni likiwa na mkono mmoja, akalikunja kwapani, akarudi nyumbani.

Alimkuta baba yake ngazini, ghorofa ya tatu. Amekaa kwenye kona, mgongo ukutani, amevaa koti lake la posta na kulifunga vifungo vyote hadi shingoni, fimbo kati ya magoti. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Ulikuwa unakwenda wapi, baba?"

"Chini." Akasubiri pumzi irudi. "Nikae kidogo. Karibu na mboga."

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Sijui. Watu wamepita wengi. Wana adabu sana watu wa jengo hili. Wote wamenisalimia."

Walimsalimia. Mwenye kapu alipita akasema shikamoo, wenye madaftari ya shule wakapita wakasema shikamoo, fundi bomba akapita akasema shikamoo mzee wangu, unapunga upepo. Na yeye kila mmoja alimpa marahaba yake, kwa pumzi ile aliyokuwa amebakiwa nayo, na hakumwomba hata mmoja amshike mkono, asije akamchelewesha. Mama Magunia aliyasikia hayo yote kutoka kwake. Hakujua amchukie nani kwanza, wao waliopita au yeye aliyewaacha wapite.

Akaita mara moja. Wanaume wakatokea, wa kila mlango, wamekunja mikono ya mashati. Wakaleta kiti, wakamketisha, wakamshusha taratibu kama yai, kila mmoja akitoa maagizo. Kushusha walijua.

Getini muuguzi anayekaa ghorofa ya kwanza akamlegeza vifungo, akamwagia maji kichwani, akampima mapigo. Akasema asirudishwe kwenye chumba kile, si leo, si kesho kama kitakuwa hivyohivyo.

"Tumweke wapi?" wanaume wakauliza.

Mama Magunia akatazama huku na huku. Chumba cha kinyozi kilikuwa na sakafu ya vigae na mlango upande usio na jua.

"Humo," alisema.

Kinyozi alikuwa kazini na mkasi, na kwenye kiti chake kikubwa alikaa mteja ambaye umeme ulimkatikia mashine ikiwa imeshapita upande mmoja. Kijana hakai mzee akisimama. Mteja akainuka na kichwa chake nusu, na Mzee Stempu akalazwa kwenye kile kiti, mgongo ukashushwa, miguu ikainuliwa. Akafumba macho. Baada ya muda mluzi ukapungua, akalala kweli.

"Pole sana, dada," kinyozi alinong'ona. "Akiamka tutamtafutia mahali."

"Mahali ameshapata."

"Hiki kiti ni kimoja tu, dada."

"Najua. Atakaa hapa. Magunia yakipanda, naye atapanda."

Kinyozi akamtazama mzee aliyelala, akatazama mlangoni ambako wateja wengine walikuwa wanachungulia na kurudi nyuma kwa adabu. Nani angemwamsha mzee wa watu na kumwambia ondoka nifanye biashara? Mama Magunia akachukua stuli, akakaa kando ya kile kiti, akalikunjua lile gauni la mteja akaanza kushona mkono wa pili kwa sindano. Hakuwa na haraka. Miezi yote ile wao hawakuwa na haraka.

Wa kwanza kunyanyua gunia alikuwa yule mteja wa kichwa nusu, kwa maana alikuwa na miadi. Akafuatwa na kinyozi mwenyewe. Fundi bomba akaitwa kwa jina mpaka akatoka. Safari hii hapakuwa na utani wala maji ya kunywa. Walibeba wanne kwa gunia, wakitukana chinichini, wakiulizana ni nani hasa aliyetoa wazo la kuyashusha, na kila ghorofa kinyozi alikuwa wa kwanza kuomba wapumzike. Hawakumaliza mpaka siku ya pili, na mzee alilala kwenye kiti kile usiku uliokuwa katikati.

Maboga yalipandwa upya. Yalichukua wakati wake, kwa maji ya kusombwa kutoka kwenye tangi la getini, na msimu huo wa joto ulimalizika mzee akiwa hai, ingawa si yule wa zamani. Alikuwa haketi tena dirishani. Maneno aliyatoa machache machache. Lakini mluzi ulikuwa umeondoka, na mchana alilala.

Joto liliporudi, kinyozi naye akarudi. Alipanda ngazi zote, akajitupa kwenye kiti kilekile, na safari hii hakumtazama kabisa Mama Magunia. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja na habari za heri." Wageni wanarudi. Si wale, ni wakubwa zao, kutoka mbali, na kamera. Wameziona picha za bustani ya getini na wanataka kuiona kama ilivyo kwenye picha. "Ni watu wazima wote, mzee. Na safari hii vijana wa kupandisha nimeshaongea nao. Siku moja tu."

Mguu wa Mama Magunia ukasimama juu ya kanyagio la cherehani yake ya nyumbani. Baba yake alikuwa ameangalia dari. Binti akajidanganya, akadhani anakumbuka ile ngazi, ule ukuta, zile shikamoo. Kisha mzee akakohoa kidogo.

"Mgeni," alisema, akavuta pumzi, "hapandishwi ngazi. Yashusheni."

Kinyozi alikuwa ameshaanza kuinuka.

Mama Magunia akakasirika, akachukua mkasi mezani. Kinyozi hakuwa kitu tena. Wageni hawakuwa kitu, hata jua lenyewe halikuwa kitu. Hasira yote ilikuwa juu ya mzee yule mkondefu kitandani, ambaye angetoa hata godoro alilolalia mradi asionekane amemnyima mtu, na halafu angelala kwenye zege na kusema si vibaya.

"Hayashuki," alisema.

Kinyozi akarudi kwenye kiti bila kutaka. Mzee akageuza kichwa taratibu.

"Mwanangu, nimeshamjibu mwenyekiti."

"Nimesikia, baba. Na mimi namjibu."

"Dada," kinyozi akasema kwa sauti ya kubembeleza, "mzee kashasema."

"Mzee amesema lake. Ukigusa gunia moja, nayachana yote kwa mkasi huu, udongo uteremke ngazi hizi mpaka chini ukuwakilishe kwa wageni wako. Ngazi zipo. Wanaotaka kuona wapande, asiyeweza mumbebe. Kupandisha mtajifunza."

Kinyozi akamtazama mzee, akingoja amkemee binti yake. Ilikuwa haki yake kungoja. Katika nyumba yoyote yenye heshima baba angekemea. Lakini Mzee Stempu alikuwa amegeukia ukuta. Mwenyekiti akaaga akaondoka, na viatu vyake vikasikika ngazi zote hadi chini.

"Umeniaibisha mbele ya mtu," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Katika nyumba yangu."

"Ndiyo."

Alitaka kuongeza neno, aombe radhi, au aeleze, au alie. Hakupata ambalo lingekuwa la kweli, basi akarudi kwenye cherehani. Alipompelekea chai jioni ile ikakaa mpaka ikafanya utando. Chakula mzee hakukigusa mpaka binti alipotoka chumbani na kurudisha mlango, ndipo akasikia kijiko.

Asubuhi alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa macho, amegeukia ukuta. Hakuitikia. Mtu aliyewaitikia wapita njia wote wa jengo lile, walioruka miguu yake, alimnyima marahaba binti yake mmoja. Mama Magunia akasubiri. Akasema tena shikamoo, kwa sauti ya juu kidogo, na baba yake akavuta shuka hadi masikioni. Alilivuta kwa nguvu, kwa mkono mmoja, mara moja tu, kisha pumzi ikaendelea kuingia na kutoka bila mluzi.

Amenuna, alijisemea. Na atanuna wiki nzima, namjua.

Akachukua ndoo, akapanda kumwagilia.